Namba Nane za Shemeji

Sehemu ya saba

Wiki hii ninapigwa. Nasema mapema, ili mwenye moyo mwepesi ageuze ukurasa akasome matangazo ya viwanja.

Kwa wageni, kisa ni kifupi. Mimi ni mchomelea vyuma, watu wananiita Gesi. Mkono wangu siku zote ulifika kabla ya akili. Nilimvunja taya bosi wa karakana mbele ya mke wangu, nikafukuzwa kazi, na jioni ile ile mke wangu akachukua begi lake la bluu akaenda kukaa kwa kaka yake. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Siku utakayopigwa ukanyamaza, nitarudi. Kabla ya hapo usinifuate."

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mlangoni mwa ukumbi wa keno na sare ya kuazima inayonibana kwapani. Kazi nikapata. Kazi yenyewe ni kupeleka tiketi: mteja anachagua namba mezani, mimi nazikimbiza dirishani. Hakuna nyundo wala moto, na hakuna wa kumpiga. Nilidhani nimefika.

Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, Shemeji akaingia.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Kazi yake ni kubomoa majengo. Anatembea akiwa ametanua mikono, kana kwamba bado amebeba tofali kila upande. Jino langu la mbele linalokosekana ni kazi yake, waliosoma sehemu ya tatu wanakumbuka. Alivuta kiti, kikalia, akakaa.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Unauliza kama hujui. Dada yangu kasema nije nikae, nikutazame, nikirudi nimwambie ukweli. Kama wazimu wa mkono wako bado upo au umepona."

"Umepona, shemeji."

"Sijakuuliza wewe." Akakunja mikono ya shati. "Mimi ngumi ninazo, dada yangu kazizoea tangu utoto. Anasema hakuolewa ili aishi na kaka yake wa pili. Na safari hii namuunga mkono. Nikikuona umemgusa mtu humu ndani, hata kwa kidole, begi lake nalifungia kabatini na ufunguo natupa."

Sasa mnaelewa nilikuwa nachezea nini siku hiyo. Wengine walicheza pesa.

"Lakini siwezi kukaa bure watu wanikodolee macho," akasema. "Nifundishe huo mchezo wenu."

Nikamwekea karatasi mbele yake.

"Hapa kuna namba themanini. Unachagua unazozitaka, kuanzia moja hadi kumi, kila moja unaipiga mkasi, yaani alama ya X. Ile mashine ya kioo pale mbele, yenye mipira inayorukaruka, inatema namba ishirini, moja baada ya nyingine. Zikitoka zako nyingi, unalipwa. Zikitoka chache, tunakuita mteja wetu mpendwa."

"Nikichagua nyingi ndiyo nalipwa zaidi?"

"Zikija zote. Na haziji zote. Ukichagua tatu unaweza kuzipata. Ukichagua nane, zikija tano unapata nauli. Zikija saba unanunua pikipiki. Nane zote sijawahi kuziona, na hata waliozeeka humu hawajaziona."

"Halafu?"

"Unakunja karatasi na pesa ndani, unanipa. Napeleka dirishani. Dada wa dirisha anaiingiza, karatasi uliyoandika inabaki kwake, mimi nakuletea nakala yenye muhuri. Nakala ndiyo mali. Anayeishika ndiye anayelipwa. Na ukishinda, chukua chako kabla kengele ya mchezo unaofuata haijalia. Ikishalia, nakala hiyo ni ya kuwashia jiko."

"Mbona mna haraka hivyo?"

"Sheria ya nyumba. Imeandikwa ukutani."

Akatazama ukuta kwa jicho la kazi, jinsi anavyotazama kuta zote. Kisha akachukua kalamu. Alipiga mikasi minane, mikubwa, kila mmoja karibu utoboe karatasi. Tatu. Kumi na moja. Kumi na tisa. Ishirini na saba. Arobaini na nne. Hamsini na nane. Sitini na tatu. Themanini.

"Umezipataje hizo, shemeji?"

"Namba za nyumba nilizobomoa. Zile zilizonisumbua."

Akaikunja karatasi na pesa yake ndani, akanikabidhi. Hapo inabidi niwaeleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Sisi wapeleka tiketi tuna mwiko. Tiketi ya mteja ikishakunjwa, huifungui njiani. Dada wa dirisha peke yake ndiye anayeifungua. Ukichungulia, wanasema, unaipuliza bahati ya mtu ikatoka. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilikuwa nimeshaanza kuwakemea wengine. Basi humu ukumbini tiketi zote njiani zinafanana, vipande vidogo vyeupe vilivyovimba kwa pesa, na hakuna anayejua kilichoandikwa ndani.

Kati ya ukumbi na dirisha kuna pazia zito, na nyuma ya pazia kuna ujia mwembamba. Nilipolipita tu, Kucha akanisimamisha.

Kucha ni mpeleka tiketi wa zamani. Kafuga ukucha mmoja wa kidole kidogo, mrefu, anaupaka rangi. Mchezo wake ni kulalia tiketi: anaiona ya namba nyingi mezani kwa mteja, anajua haitatoka, pesa anaitia mfukoni na tiketi haifiki dirishani. Mteja akiliwa, hajui kwamba kaliwa na Kucha.

"Wewe umekwenda kwa meneja," akaniambia.

"Kusema nini?"

"Kwamba nalalia tiketi."

"Sijakwenda, kaka. Nipishe, wanafunga."

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni. Nilisikia ladha ya chuma, ladha niliyoizoea tangu karakana. Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe. Nikaushusha. Nikaitia mikono yote miwili mfukoni, nikakamata kitambaa cha ndani kwa nguvu zangu zote.

"Toa mikono," Kucha akasema.

"Sitoi."

"Toa, mwanamume."

"Piga umalize, nina kazi."

Akapiga. Alinipiga ubavuni, akanipiga sikioni, akanisukuma kichwa ukutani mpaka chokaa ikanimwagikia shingoni. Nilipoinama akanipa goti la pua. Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, maumivu hayakuwa tabu. Tabu ilikuwa mikono. Ilikuwa inalia humo mfukoni. Nilijua pa kumpiga huyu mtu, kati ya mbavu ya chini na nyonga, mara moja tu, angelala. Nikawa nasema moyoni begi la bluu, begi la bluu, na kitambaa cha mfuko wa kushoto kikachanika mkononi mwangu.

Tiketi ya Shemeji ilikuwa imeshaniponyoka tangu ngumi ya kwanza. Na Kucha naye, tiketi aliyokuwa nayo mkononi ilidondoka alipokuwa anajipa raha zake.

"Nafunga," Dada wa dirisha akaita.

Kucha akashtuka. Akapapasa sakafuni, akanyakua kipande kimoja, akakimbia nacho dirishani. Mimi nikapiga magoti, damu inanidondoka kidevuni, nikapapasa chini ya benchi mpaka nikakipata kingine. Nikakimbia. Wavu wa dirisha ukashuka mbele ya pua yangu, ile ile iliyokuwa imevimba.

"Dada, tafadhali. Moja tu."

"Nimeshafunga, Gesi. Ingiza mchezo ujao."

Nikakitia kile kipande mfukoni, kikiwa bado kimekunjwa. Tiketi ya Shemeji haikuingia. Ndivyo nilivyoamini.

Nilirudi mezani najifuta kwa kiwiko. Shemeji alikuwa anarudisha simu mfukoni. Akanitazama mdomo, akanitazama pua.

"Umefanya nini?"

"Nimegonga mlango."

"Mlango."

"Mlango, shemeji."

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akatoa leso yake safi akanipa.

"Nakala yangu iko wapi?"

Hapa ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi fupi tu: shemeji, sikuwahi. Lakini nilikuwa nimetoka kupigwa na mmoja, na huyu wa pili ndiye aliyeling'oa jino langu. Nikajiambia namba nane haziji, nitaziingiza mchezo ujao, hakuna atakayejua. Nikajiambia vile vile anavyojiambia Kucha.

"Muhuri unasumbua leo," nikasema. "Nakala zinabaki dirishani mpaka mwisho wa mchezo."

"Sawa," akasema. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtangazaji akabonyeza kengele, mipira ikaanza kuruka. Wa kwanza ukatoka.

"Ishirini na saba."

"Hiyo nyumba ilikuwa na nondo nene," Shemeji akasema, ametulia.

Ukatoka mwingine usio wake. Kisha themanini. Kisha tatu.

"Kumi na moja."

Shemeji akapiga meza kwa kiganja. Glasi ikapasuka chini ya mkono wake, vipande vikamwingia, wala hakuangalia. Damu yake ikasambaa mezani pamoja na maji.

Kijana mwenye kofia, meza ya jirani, akacheka. "Mzee, hizo nne. Tulia, bado hujapata hata nauli."

Shemeji akamkamata sikio, taratibu, akalivuta mpaka kichwa cha kijana kikalala mezani. "Hesabu na mimi," akamwambia. Kijana akabaki hapo amelala, shavu kwenye maji, anahesabu.

"Hamsini na nane."

"Tano," akasema kijana.

"Kumi na tisa."

"Sita, mzee. Niachie sikio."

Hakumwachia. Ukumbi ulianza kugeuka. Watu waliokuwa wanalalamikia namba zao wakaacha, wakasogea meza yetu. Mimi nilikuwa naomba kitu ambacho hakuna mpeleka tiketi amewahi kuomba: mteja wangu aliwe.

Ikapita mipira mingi isiyo yake. Nikaanza kupumua. Pembeni nilimsikia Bibi Mkunga analalamika. Huyu ni mama mzee, mkunga mstaafu, anakuja kila Jumamosi na namba zake tatu zile zile.

"Kucha hajaniletea nakala yangu mpaka sasa," alikuwa anamwambia kila anayemtazama. "Nilimpa kwa sababu Gesi alikuwa na mgeni."

Nilimsikia, na sikumsikia.

"Sitini na tatu," akasema mtangazaji.

"Saba," kijana akanong'ona.

Ukabaki mpira wa mwisho. Ulizunguka ndani ya kioo, ukagusa mdomo wa bomba, ukarudi, ukagusa tena, ukaingia.

"Arobaini na nne."

Kisha ukumbi mzima ukanguruma. Shemeji akaliachia sikio, akasimama, akanikumbatia mpaka ubavu uliopigwa ukalia. Mtu aliyeangusha mitaa mizima alikuwa analia begani mwangu.

"Leo tunakwenda nyumbani wote," akaniambia sikioni. "Wewe, mimi na dada yangu. Anakuja hapa hapa, yuko njiani."

"Yuko njiani?"

"Kachukue nakala. Fanya haraka."

Mwenzenu niliona giza. Mke wangu yuko njiani, anakuja kwa sababu ya namba nane, na namba nane ziko mfukoni mwangu hazijaingia popote. Atafika akute kaka yake ananivunja vipande, na akiuliza sababu ataambiwa mimi ni mwongo.

Nikapita pazia. Mpango wangu ulikuwa dirisha la choo, na nje yake ukuta, na baada ya ukuta Mungu anajua. Lakini sikufika. Nikaegemea ukuta ule ule uliogonga kichwa changu, nikakitoa kile kipande mfukoni. Nilitaka angalau kuiona mikasi yake. Mwiko ulikuwa hauna maana tena, bahati ya kupuliza ilishatoka.

Nikakunjua.

Hapakuwa na mikasi minane. Palikuwa na viduara vitatu vidogo, vya mkono wa mtu mzima anayetetemeka. Tano, kumi na nne, sabini. Namba za Bibi Mkunga, za kila Jumamosi.

Nilisimama kama mjinga nazitazama. Kisha mambo yote yakaniingia kwa mpigo mmoja. Sakafuni zilidondoka tiketi mbili. Kucha alinyakua moja, mimi nikapata nyingine, na hakuna aliyefungua. Aliyoiingiza Kucha ni ya Shemeji. Namba nane ziliingia. Nakala yenye muhuri ipo, ni halali, na iko kwa Kucha.

Nikakimbilia dirishani.

Kucha alikuwa amebana kifua kwenye wavu, nakala kaishika kwa mikono miwili.

"Nimeshakwambia," Dada wa dirisha alikuwa anamwambia. "Pesa kubwa hivi sitoi mimi. Meneja lazima ashuke asaini. Shika mwenyewe mpaka afike."

"Na kengele?"

"Kengele haimngoji mtu. Omba ashuke upesi."

"Dada," nikasema, nahema, "hiyo nakala ni ya mteja wangu. Zilichanganyika sakafuni. Tazama, aliyopewa Kucha ni hii hapa, ya Bibi Mkunga. Mwite Bibi atakwambia."

Dada wa dirisha alinitazama usoni kwa huruma. "Gesi, sheria unaijua. Mwenye nakala ndiye mwenye namba."

"Umesikia?" Kucha akasema.

"Kaka, nakuomba. Umenipiga, sikurudisha, sijakushitaki. Nipe hiyo karatasi. Nitamwambia Shemeji akupe sehemu."

"Sehemu ya changu?"

"Nakuomba kwa heshima."

Juu ngazini tukasikia viatu vya meneja vinaanza kushuka. Kucha akatabasamu. Akanisogelea mpaka nikanusa mafuta yake ya nywele.

"Nenda kalie kwa mkeo," akaninong'oneza. "Ah, samahani. Huna."

Wasomaji wangu, mikono yangu ilitoka mfukoni.

Ya kwanza ilimpata pale pale nilipokuwa napajua, kati ya mbavu ya chini na nyonga. Akajikunja. Ya pili ikamrudisha wima. Nikamshika shati, nikamzungusha, nikambamiza kwenye pazia, tukaanguka nalo pamoja na bomba lake ndani ya ukumbi, miguuni mwa watu. Meza ikapinduka. Wanawake wakapanda viti. Nilisikia vizuri kabisa kila kitu, hata mipira inavyorudishwa kwenye kioo kwa mchezo unaofuata.

Kucha aliona nimemweza. Nakala ilikuwa bado mkononi mwake. Akanitazama kwa chuki safi.

"Basi tukose wote," akasema, akaitia mdomoni.

Nikamrukia kifuani. Nikatia vidole mdomoni mwake, akaning'ata mpaka mfupa. Nikavuta. Karatasi ikachanika, kipande kikatoka, kingine kikabaki, na nikaona koo lake linataka kumeza. Nikalikamata koo. Sikutaka kumwua, naapa kwa macho yangu. Nilitaka karatasi isipite. Nilibana pale pa kumezea, kwa mkono huu niliozoea kushikia vyuma vya moto, nikawa namwambia, "Tema. Tema, nikuache. Tema."

Alinikwaruza uso kwa ule ukucha wake. Ukakatika shavuni mwangu. Visigino vyake vilipiga sakafu, vikapiga, vikapunguza.

"Tema," nikasema.

Kengele ikalia.

Mtangazaji hakuwa ameona, au aliona akabonyeza kwa mazoea. Kengele ililia mpaka mwisho wake, ndefu, na karatasi yote, niliyonayo na aliyonayo, ikawa ya kuwashia jiko. Hapo ndipo mikono yangu ililegea. Nikainua kichwa nimtafute Shemeji. Nilidhani angekuja kunivunja kwa sababu ya namba zake.

Hakuwa ananijia. Alikuwa amesimama na ile damu ya glasi ikimdondoka vidoleni, na hasira hakuwa nayo kabisa. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mjinga wewe," akasema polepole. "Ulidhani namwita dada yangu kwa sababu ya mipira?"

Niliitazama nusu ya nakala mkononi mwangu.

"Nilikufuata pale pazia. Nikachungulia. Nilikuona unapigwa na mikono yako mfukoni. Nilimpigia simu kabla mpira wa kwanza haujatoka. Nikamwambia, beba begi lako uje, mumeo kapona."

Nikatema damu sakafuni, yangu na yake.

"Alishalifunga tangu jana," akaongeza. "Alikuwa anangoja nimwambie tu."

Bibi Mkunga alinisukuma pembeni, kwa nguvu ambayo sikujua mtu wa umri wake anayo. Akapiga magoti, akamfungua Kucha mdomo, akaingiza vidole viwili mpaka ndani kabisa, kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kutafuta pumzi za watoto wengi. Akavitoa. Havikuwa na kitu. Akaweka sikio kifuani mwake, akatuonyesha kwa mkono tunyamaze, na ukumbi mzima ukanyamaza.

"Hapumui," akasema. "Nishikieni kichwa chake. Upesi."

Hakuna aliyesogea. Mlinzi alikuwa anafunga mlango mkubwa kwa komeo, na mbele ya mlango huo, ndani, mtu aliyeingia sekunde chache tu kabla haujafungwa alikuwa amesimama ananitazama. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nusu ya nakala imelowa mkononi, ukucha wa mtu umenasa shavuni.

Mke wangu alikuwa na begi la bluu mkononi. Hakuliweka chini, na hakugeuka kuondoka.